Wi-Fi au Waya? Jinsi ya Kupima Kasi Halisi ya Mtandao Ndani ya Nyumba Yako

Dada yangu anaishi Muscat, na kila Ijumaa baada ya swala humpigia mama kwa video. Kwa miezi kadhaa simu hiyo ilikuwa karaha. Mama akikaa sebuleni, picha safi. Akirudi chumbani kwake, mwisho wa korido, uso wa dada unaganda, sauti inakatikakatika, na mama anabaki akiita, "Mwanangu, unanisikia?" Tukafanya kile wanachofanya wengi: tukapandisha kifurushi. Tulitoka Mbps 20 tukaenda 50, tukawa tunalipa zaidi kila mwezi, na chumbani hali ikabaki vilevile. Shida haikuwa nje. Ilikuwa humu ndani, katika kuta tatu za tofali za saruji na ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni.

Mwongozo huu ni wa kupima kipande hicho cha ndani kabla hujaongeza hata shilingi moja. Unahitaji jioni moja na uvumilivu kidogo.

Kwanza tenganisha nje na ndani

Intaneti inakufikia kwa barabara mbili. Moja inatoka nje hadi kwenye ruta: faiba au mnara, mitambo ya mtoa huduma, kisha nyaya za chini ya bahari. Nyingine inatoka kwenye ruta hadi mkononi mwako. Tovuti za kupima kasi hupima zote mbili kwa mkupuo na kukupa namba moja, ndiyo maana ukishaipata namba hiyo bado hujui pa kushika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, Tanzania na majirani zake walikaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Siku zile hakuna ufundi wa nyumbani ambao ungesaidia. Lakini siku za kawaida, barabara ya ndani ndiyo inayosahaulika.

Kwa hiyo kipimo chetu hakitagusa intaneti kabisa. Tutatuma data kutoka kompyuta moja ya nyumbani kwenda nyingine, na bando lako halitapungua.

Jua namba zinasema nini

Karatasi ya kifurushi na boksi la ruta huhesabu megabiti kwa sekunde, yaani Mbps. Kompyuta inaponakili faili huonyesha megabaiti, yaani MB. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo laini ya Mbps 100 ikifanya kazi barabara, faili hushuka kwa karibu MB 12 kila sekunde, na hapo hujaibiwa kitu.

Boksi lenyewe nalo lisomwe kwa makini. Ruta iliyoandikwa AC1200 imejumlisha Mbps 300 za bendi (yaani fungu la mawimbi) ya GHz 2.4 na 867 za bendi ya GHz 5, kisha namba ikazungushwa kwenda juu. Simu yako kwa kawaida hutumia bendi moja kwa wakati, si mbili. Na hiyo 867 ni kasi ya mawimbi yakiwa hewani katika hali nzuri kabisa; kasi ya faili lako ni jambo jingine, kama tutakavyoona.

Andaa vifaa

Tafuta kompyuta mbili, waya mmoja au miwili ya mtandao ya daraja la Cat5e au zaidi, na programu ya bure inayoitwa iperf3, ambayo iko kwa Windows, Linux na Mac. Kama kompyuta ya pili haipo, kuna programu za Android zinazobeba iperf3 ndani yake. Simu itatosha kwa upande wa Wi-Fi. Laptopu nyingi za siku hizi hazina tundu la waya, hivyo utahitaji kiunganishi cha USB chenye tundu hilo. Angalia kiwe cha USB 3, na ukichomeke kwenye tundu la USB 3, maana USB 2 inaishia Mbps 480 na itakudanganya.

Kompyuta ya kwanza ichomeke kwa waya kwenye ruta na ibaki hapo hadi mwisho. Hiyo ndiyo mizani yetu. Usikubali kuiweka kwenye Wi-Fi hata kama waya unakera. Kompyuta zote mbili zikiwa kwenye Wi-Fi, kila paketi, yaani kipande cha data, inapita hewani mara mbili, mara moja kwenda kwenye ruta na mara ya pili kutoka kwenye ruta, na kasi utakayoiona itakuwa karibu nusu ya ile ya kweli.

Fungua dirisha la amri kwenye folda yenye programu, uandike:

iperf3 -s

Windows ikiuliza kama iruhusu programu hiyo kwenye mtandao, kubali. Kisha tafuta anwani ya kompyuta hiyo; kwenye Windows ni kwa amri ya ipconfig. Tuseme ni 192.168.1.10.

Pima waya kabla ya Wi-Fi

Watu huanza na Wi-Fi kwa sababu ndiyo inayowaudhi. Anza na waya, kwa sababu ndio utakaokwambia kama ruta, kompyuta na programu vyote vina afya. Chomeka kompyuta ya pili kwenye tundu jingine la ruta, uandike:

iperf3 -c 192.168.1.10 -t 30

Ikimaliza, rudia amri hiyo ukiongeza -R mwishoni, ili data irudi upande wa pili.

Kwenye matundu ya gigabiti, yaani ya Mbps 1000, utapata takriban Mbps 940 kila upande, leo na kesho, mchana na usiku. Hizo 60 zilizopungua hazijapotea kwa ubovu. Kila paketi yenye baiti 1448 za data yako inachukua nafasi ya baiti 1538 kwenye waya, kwa sababu lazima ibebe anwani na maelekezo yake, na kati ya paketi moja na nyingine huachwa mwanya. Gawa 1448 kwa 1538, unapata asilimia 94.

Ukiona 94 badala ya 940, kiungo chako kimeshuka hadi Mbps 100. Huenda ruta yenyewe ina matundu ya 100 tu. Ruta nyingi za bei nafuu ziko hivyo, hata zile zinazojitangaza kwa maelfu hewani. Kifurushi chako kikiwa chini ya hapo, si shida sana. Lakini kama matundu ni ya gigabiti, mtuhumiwa ni waya.

Mimi ndivyo nilivyokutwa. Ruta ya gigabiti, kompyuta ya gigabiti, kipimo 94. Nikachomoa kichwa cha waya, nikakielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Kupitia ile plastiki angavu unaziona nyaya nane zimejipanga kama meno ya kitana. Saba zilikuwa zimefika hadi mwisho na kugusa ukuta wa plastiki. Wa nane, wa kahawia, ulikuwa umekomea kama milimita mbili nyuma, na kile kisahani cha shaba kinachopaswa kuuchoma kilikuwa kimeuma hewa. Mbps 100 inahitaji nyaya nne tu, namba 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inazitaka zote nane. Vifaa vilipoona njia moja haipo, vilikubaliana kushuka kimyakimya, bila taa nyekundu wala onyo lolote.

Nilimwita fundi aliyeufunga. "Lakini kaka, neti si inashika?" aliniuliza. Nikamwambia inashika, fundi, ila kwa fungu moja la kumi. Alikitazama kile kichwa kwenye mwanga kama nilivyofanya mimi, akakikata, akabana kipya. Kipimo kikasoma 941.

Kwa hiyo usitosheke na "inashika". Kwenye Windows, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, fungua sehemu ya Ethernet, utazame kasi ya kiungo. Iseme 1000, si 100.

Sasa chomoa, upime hewani

Chomoa waya wa kompyuta ya pili, iunge kwenye Wi-Fi, ukae mita mbili kutoka kwenye ruta bila ukuta katikati. Rudia amri zilezile. Pima mara tatu kila sehemu, uandike namba ya katikati. Kisha hamia penye matumizi halisi: kitandani, kwenye meza ya kazi, jikoni, barazani. Chora ramani ya nyumba kwenye karatasi, uandike namba ndani ya kila chumba. Fanya hivyo asubuhi majirani wakiwa kazini, na tena saa mbili usiku kila mtu akiwa nyumbani. Tofauti ya vipimo hivyo viwili peke yake ni somo.

Karibu na ruta, namba za kutegemea ni kama hivi. Kwenye GHz 2.4, kifaa chenye antena mbili na chaneli (njia moja ndani ya bendi) yenye upana wa MHz 20 hujiandikisha kwenye ruta kwa kasi ya Mbps 144, lakini iperf3 itakupa kama 60 hadi 90; kwenye jengo la wapangaji wengi inaweza kushuka hadi 20. Kwenye GHz 5 ya Wi-Fi 5, antena mbili na chaneli ya MHz 80, kujiandikisha ni 867 na utakachopata ni kama 450 hadi 600. Wi-Fi 6 ya upana huohuo hujiandikisha kwa 1201 na hutoa 700 hadi 850 hali ikiwa nzuri. Simu yenye antena moja, gawa namba hizo kwa mbili.

Yaani hata ukiwa umeikalia ruta, hewa inakupa nusu hadi theluthi mbili ya namba iliyoandikwa, wakati waya unakupa asilimia 94. Kwa nini?

Waya wa gigabiti hutuma na kupokea kwa wakati mmoja, na waya wa kwako ni wa kwako peke yako. Wi-Fi ni daraja la njia moja. Kila kifaa, kabla ya kutuma, husikiliza kama kuna mwingine anayeongea, kikisikia kimya, husubiri tena muda mdogo wa bahati nasibu ili wawili wasianze pamoja, hutuma, kisha husubiri ruta ijibu kuwa imepokea. Jibu lisipokuja, hurudia yote. Kusubiri huko ndiko kunakokula ile nusu.

Na daraja hilo mnalipita wote. Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba alijue: kifaa kinachopata mawimbi hafifu hakijiumizi peke yake. Simu iliyo mwisho wa uwanja huzungumza na ruta polepole sana ili isikike, hivyo video ileile inayomchukua mtu wa sebuleni muda mfupi hewani, yenyewe inachukua muda mara kumi au zaidi. Wakati wote huo wengine wamesimama foleni. Jirani aliye kwenye chaneli yako naye yumo kwenye foleni hiyohiyo, ingawa hana neno lako la siri.

Ukivuka ukuta mmoja wa tofali, GHz 5 hushuka kwa kiasi kinachoonekana. Ukivuka wa pili au slabu ya zege yenye nondo, inaweza kuzimika kabisa, na simu ikarudi yenyewe kwenye GHz 2.4, ambayo inapenya vizuri zaidi ila ina msongamano. Usishangae basi chumba cha mwisho kikisoma 10 wakati sebuleni umeona 500.

Pima pia mshtuko, si kasi tu

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo iliyonifumbua macho. Simu ya video haihitaji zaidi ya Mbps chache. Chumba cha mama kilikuwa nazo. Kasi ilitosha, lakini picha iliganda kwa sababu ya mshtuko, yaani majibu yanayochelewa ghafla. Amri ya ping huiuliza ruta swali fupi na kupima jibu linachukua muda gani. Andika, ukitumia anwani ya ruta yako:

ping -n 100 192.168.1.1

Kwenye Linux na Mac weka -c badala ya -n. Ukiwa kwenye waya, majibu yote mia huja chini ya milisekunde moja. Ukiwa kwenye Wi-Fi karibu na ruta, huja kwa milisekunde 2 hadi 5, na mojamoja linaruka. Nenda chumba cha mwisho uone: 4, 6, 5, 180, 7, 310, kisha moja halijarudi kabisa. Wastani utauona mzuri tu. Uso wa dada unagandia kwenye ile 310. Unapodaunlodi faili mshtuko huo hutauhisi, ila kwenye simu, mahojiano ya kazi au mchezo wa mtandaoni ndio unaoharibu kila kitu. Tazama namba kubwa kuliko zote na idadi ya majibu yaliyopotea kabla hujatazama wastani.

Tengeneza visivyogharimu

Itoe ruta nyuma ya televisheni. Iweke juu, wazi, karibu na katikati ya nyumba, mbali na friji, kioo kikubwa, kabati la chuma na tangi la maji, kwa sababu chuma hurudisha mawimbi na maji huyanyonya. Pima tena. Kwetu hatua hii peke yake iliokoa vyumba viwili.

Kwenye GHz 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache, na upana uache MHz 20. Chaneli zilizo katikati ya hizo zinagongana na pande zote mbili. Upande wa usalama, yaani jinsi Wi-Fi inavyofungwa kwa siri, chagua WPA2 yenye AES au WPA3. Ukiacha TKIP ya zamani, viwango vipya vinakataa kasi yao na kifaa kinarudi kwenye Mbps 54, yaani kasi ya mwaka 2003.

Kuhusu virudishi vya mawimbi, vile vya kuchomeka kwenye soketi ya umeme: sivipendi. Chenye redio moja hupokea na kutuma kwenye daraja lilelile, kwa hiyo kasi hukatika nusu, na mshtuko huongezeka. Pesa hiyo inanunua waya.

Vuta waya pale panapostahili

Rudi kwenye ramani yako. Kila kitu kisichohama, kama televisheni, kompyuta ya mezani, kinasa kamera za ulinzi na dekoda, kipe waya. Vikishatoka hewani, daraja linabaki kwa simu na laptopu, na hata wale ambao hawajaguswa na waya watahisi nafuu.

Chumba cha mbali hakihitaji waya kwenye kila kifaa. Vuta mmoja hadi koridoni, kisha mwishoni weka ruta ya zamani iliyolala kabatini. Ingia kwenye mipangilio yake, ipe anwani kama 192.168.1.2, zima DHCP (kazi ya kugawia vifaa anwani, iachie ruta kubwa), ipe jina na neno la siri sawa na la ruta kubwa lakini chaneli tofauti, kisha waya uuchomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si lile la WAN (la kupokea intaneti ya nje). Hapo umepata kituo cha pili kinacholishwa kwa waya.

Kuhusu waya wenyewe: Cat5e inabeba gigabiti hadi mita 100, inatosha nyumba yoyote ya kawaida. Kuwa macho na waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao umejaa madukani. Ni mwepesi isivyo kawaida. Ukikwangua uzi wake kwa kisu na ndani kukang'aa weupe badala ya wekundu wa shaba, uache. Mpangilio wa rangi uwe mmoja pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usiupitishe ndani ya bomba moja na nyaya za umeme. Kama umepanga na mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe, kuna mifereji myembamba ya plastiki ya kubandika pembeni mwa dari.

Na tafadhali, usivute waya wa shaba juu ya uwanja kutoka nyumba kubwa hadi banda la uani ukaona umemaliza. Msimu wa mvua radi haihitaji kuupiga; ikianguka jirani tu, mshtuko wa umeme unapita humo na kuua ruta na televisheni kwa pamoja. Kati ya jengo na jengo tumia faiba, au antena mbili zinazotazamana.

Ukimaliza, pima upya kila chumba kwa amri zilezile, uandike tarehe, ubandike karatasi ndani ya mlango wa kabati. Yangu ina safu tatu sasa. Chumba cha mama kilisoma Mbps 9 na ping ya 310. Ruta ilipohamishwa kikasoma 31. Waya ulipofika koridoni kikasoma 280, na majibu yote mia yakarudi chini ya milisekunde 12. Tulirudi kwenye kifurushi cha Mbps 20. Ijumaa iliyofuata mama hakuja sebuleni. Alipokea simu akiwa amejiegemeza kitandani, na dada akamuuliza kwa nini amebadilisha mapazia bila kumwambia.